Tulicheza Mchezo wa Mtoto Wetu, Tukamuua Mtu

Sisi tunaoandika ni watatu: mwalimu wa darasa la tano, mama mshonaji, na mama anayeuza sambaza. Kalamu imeshikwa na mwalimu kwa sababu ndiye aliyezoea chaki na makaratasi, lakini maneno ni ya watatu. Mtakapofika mahali fulani mtaona tumeandika "sisi" tu, bila kusema ni mkono wa nani. Tulikubaliana hivyo mbele ya mtoto.

Neno lilianza siku ya muso. Tulikuwa tumemaliza kuhesabu akiba, sanduku limefungwa, wengine wamekwisha kuwabeba watoto mgongoni, ndipo mmoja akasema kwa sauti ndogo kwamba nyumbani kwa mwalimu kuna kijana anayekunywa damu usiku kwenye televizyo. Mtoto wake mdogo alichungulia dirishani akaona mtu wa uso mweupe, macho mekundu, amemshika mwingine na kumng'ata shingoni. Halafu akaongeza maneno ambayo hakuyafikiri: "Na mama yake, munajua alikufa namna gani."

Kikundi kizima kikanyamaza. Wamama, sote tunajua kimya cha namna hiyo kinaelekea wapi. Wiki ya kwanza kimya, wiki ya pili maombi, wiki ya tatu mtoto anaulizwa maswali usiku wa manane, na mwisho mnamkuta analala chini ya meza za soko. Na karibu kila mara ni yatima.

Kijana huyo ana miaka 15. Ni mtoto wa dada mkubwa wa mwalimu, kwa hiyo anamwita mwalimu mama mdogo. Mama yake alikuwa muuguzi upande wa Beni. Mnakumbuka kwamba Ebola ilitangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, na mwisho wake haukutangazwa hadi tarehe 25 Juni 2020. Ilipita Ituri, na mwaka 2019 ikagusa hata Mwenga huku kwetu. Waliokufa walizidi 2,200. Dada huyo alikuwa mmoja wao, mwaka 2019, na mtoto alikuwa na miaka kumi. Akaletwa Bukavu na mfuko mmoja wa nguo. Tangu siku hiyo anachota maji, anafua, anapata alama nzuri za hesabu, na kuhusu mama yake hakuwahi kusema lolote. Tulijiambia kwamba amesahau. Sisi watu wazima tunapenda sana kujiambia hivyo.

Mwalimu alisimama akakumbusha kwamba iko sheria nambari 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inayomlinda mtoto, na kwamba kumsingizia mtoto uchawi ni kosa la kuadhibiwa. Alisema vizuri, kama mtu anayesoma dikte. Lakini sheria haikumtuliza mtu siku hiyo. Kilichotutuliza ni swali la mama mshonaji: "Yuko hata mmoja hapa aliyekaa akautazama mchezo huo?" Hakuwepo. Basi kikundi kikatuma watatu: mwenye mtoto, mwenye swali, na yule aliyelianzisha neno. Huyo wa mwisho ndiye mama wa sambaza. Ameomba mwenyewe tuandike.

Mashine yenyewe ni PlayStation iliyotumiwa kwanza na watu wengine, halafu mjomba aliyeko Ubelgiji akaituma pamoja na viatu na michezo miwili. Mmoja ni wa mpira. Wa pili unaitwa Vampyr, na kwenye kasha wameonyesha wazi kwamba si wa watoto. Mwalimu anakiri kwamba kasha hakulisoma. Kila siku anawaambia wanafunzi wasome swali kabla ya kujibu.

Mchezo huo umetengenezwa na kampuni ya Ufaransa, Dontnod ya Paris, na ulitoka Juni 2018, miezi miwili tu kabla ya Ebola kutangazwa kwetu. Watu wa ndani wanasema Kiingereza, maandishi ya Kifaransa yanapita chini, na mwalimu aliyasoma kwa sauti kwa Kiswahili. Kwa jioni ya kwanza kazi yetu ilikuwa hiyo tu: mmoja anasoma, wawili wanasikiliza, na mtoto ameshika maneti bila kutuangalia, kama mwanafunzi ambaye inspekta ameingia darasani.

Hadithi iko London mwaka 1918. Vita vya kwanza vya dunia vinakwisha, na mafua makali, yale walioyaita ya Kihispania, yanajaza makaburi. Mafua hayo yalikuwa ya kweli. Inakadiriwa yaliua watu milioni 50 duniani, na yalifika hata Kongo ya Wabelgiji, kwa watu ambao walikuwa wametoka juzi tu kubeba mizigo ya jeshi hadi Tabora. Katika London hiyo anarudi munganga aitwaye Jonathan Reid, fundi wa kuwaongezea watu damu. Anarudi kutoka vitani, lakini hafiki nyumbani. Usiku mmoja anaamka ndani ya shimo la maiti, amekwisha kufanywa vampiri, mtu wa usiku anayeishi kwa damu za wengine. Kiu imemshika, macho hayaoni vizuri. Mwanamke anamkimbilia na kumkumbatia. Anamnywa damu. Macho yanapofunguka anaona ni dada yake, Mary, aliyekuwa akimtafuta.

Mama wa sambaza alifunika uso kwa kikwembe. Mtoto akasema, bila kugeuka, "Hapo huwezi kuchagua. Mchezo unakulazimisha. Baadaye ndipo unaweza kuchagua."

Mama mshonaji amezaliwa Likasi. Yeye hakuogopa sana; alisema, "Hawa ni batumbula wetu." Nyanya yake alimsimulia kwamba Katanga wakati wa wakoloni watu hawakutembea usiku peke yao kwa sababu ya batumbula, watu wa giza waliosemekana kuwakamata wenzao na kuwapeleka kwa Wazungu. Upande wa pwani, Kenya na Tanzania, waliitwa mumiani, nao walisemekana kutafuta damu. Tulicheka kidogo, kisha tukaacha kucheka. Kwani Beni na Butembo, wakati wa Ebola, wangapi hawakusema kwamba wanganga wanaleta ugonjwa ili wapate franga? Timu zilipigwa mawe. Vituo vya matibabu vilichomwa. Tarehe 19 Aprili 2019 munganga Richard Mouzoko, Mkameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi ndani ya hospitali Butembo. Hofu ya munganga anayekuja usiku, usijue kama amekuja kukuponya au kukumaliza, sisi tunaijua bila kufundishwa na Ufaransa.

Jioni ya pili mtoto alitupa maneti. Tuseme ukweli, ile kitu ina vifungo vingi kuliko cherehani. Munganga wetu aligonga kuta, akazunguka pale pale kama mbuzi wa kamba, akafa mikononi mwa wawindaji wa vampiri kabla mama mshonaji hajajua kidole gani kinafanya nini. Mtoto alicheka. Alicheka meno yote nje, akaegemea ukuta. Mwalimu alisahau kusoma maandishi, kwa sababu kicheko kile ndani ya nyumba yake hakuwa amekisikia.

"Musianze kupigana," akatuambia. "Muongee na watu kwanza."

Na hapa ndipo tulipoanza kuuelewa mchezo, kwa hiyo tutakaa hapo kidogo. Mji umegawanyika katika mitaa: bandari, Whitechapel ambapo wanaishi maskini, mtaa wa matajiri, na hospitali ya Pembroke ambapo Reid amepewa kazi ya zamu ya usiku. Ndani yake wako wakaaji kama 60, kila mmoja na jina lake, kazi yake, na siri yake. Unawasemesha. Yule anamdanganya mumewe, huyu anamtunza mgonjwa, mwingine ana deni. Ukiwasikiliza vizuri unapata neno jipya la kumwuliza jirani yao. Tukasema, hii ni avenyu yetu kabisa.

Wakiugua, unawatengenezea dawa. Kuna kuumwa kichwa, kuna mafua, uchovu, kupungukiwa damu, kuna homa ya mapafu. Unaokota vitu unavyohitaji huku na huku, unavichanganya kwenye meza, unarudi kwa mgonjwa. Lakini ili nguvu ulizokusanya zikufae, lazima ulale. Na ukilala, usiku unapita na magonjwa yanaenea. Ukiamka unaonyeshwa nani amezidiwa na mtaa gani umeharibika. Mama yeyote aliyewahi kulala saa mbili karibu na mtoto mwenye homa anajua uoga wa kuamka namna hiyo.

Sasa sikieni ubaya wake. Munganga anaweza kuwatibu watu hao, na anaweza pia kuwanywa. Akimnywa mkaaji mmoja, anapata nguvu nyingi kwa mara moja, kuliko akipigana wiki nzima. Na damu ya kila mtu ina bei. Mgonjwa bei yake iko chini. Ukimponya, inapanda. Ukijua siri zake, inapanda tena. Maana yake ni kwamba mtu uliyemtunza, uliyemsikiliza, uliyemjua mpaka moyoni, huyo ndiye mwenye faida kubwa siku ukimwua. Mama wa sambaza aliweka kikombe cha chai chini. "Huyu aliyefikiri hivi," akasema, "amewahi kukaa na watu." Hakuna mtu aliyetuibia sana katika maisha kama wale waliojua tunaweka wapi ufunguo.

Asiyewanywa wakaaji anabaki dhaifu. Adui anaongezeka nguvu, yeye hapana. Anapigwa, anakufa, anaanza upya, anapigwa. Tukamwuliza mtoto, wewe umemnywa nani? Akasema, "Hata mmoja." Alikuwa amecheza miezi, usiku kwa usiku, umeme ukija na ukikatika, na katika London yake hakuna mkaaji aliyekufa kwa mkono wa munganga. Wale maadui wa barabarani lazima apigane nao, mchezo hautoi njia. Wakaaji, hapana. Uso mweupe ambao mtoto wa jirani aliuona dirishani ulikuwa ule wa mwanzo, wa dada yake Reid, ambao hauepukiki.

Tungeweza kurudi muso na kusema kesi imekwisha. Lakini tulikuwa tumenaswa, wamama, tusifiche. Kila jioni baada ya bugali tulikuja. Tulifika kwa muuguzi wa Whitechapel.

Jina lake Dorothy Crane. Anafanya kazi hospitalini, na kwa siri amefungua mahali pa kuwatibia maskini wa Whitechapel wasio na kitu cha kulipa. Dawa anaziiba hospitalini. Na ili apate pesa ya kuendelea, anamtisha mama mmoja tajiri kwamba atafichua siri yake. Munganga anapompata, mchezo unasimama na kukuuliza: utamwacha aendelee, utamtia usingizi wa vampiri ili asahau, au utamnywa? Sisi tukaanza baraza. Mshonaji: mwizi ni mwizi, leo dawa, kesho nini? Mama wa sambaza: na wewe ulipojifungua mtoto wa pili na damu ikaisha mwilini, nani alikimbia usiku kukutafutia mfuko wa damu kabla mumeo hajaleta franga, si muuguzi? Alifuata kanuni? Mshonaji akanyamaza, kwa maana ni kweli. Yuko hai kwa damu ya mtu asiyemjua na kwa muuguzi ambaye hakungoja risiti. Tukiwa bado tunabishana, mtoto alikuwa ameshachagua. Alimwacha aendelee. Kisha akazima mashine, ingawa umeme ulikuwepo, akaenda kulala. Mwalimu alibaki anautazama ule muanga mdogo mwekundu wa televizyo. Hakuna aliyesema "kama mama yake". Tuliondoka.

Sasa tufike kwenye kosa letu.

Mwalimu anafundisha zamu ya mchana, mtoto anasoma asubuhi. Jumatano moja saa tatu umeme ulikuwepo, jambo la kushukuru, na sisi watatu tulikuwa nyumbani. Tukasema tuendelee kidogo, tumsaidie mtoto, maana alikuwa amekwama kwa adui mmoja aliyemwua jana yake mpaka akachoka. Nasi tukakwama. Tulikufa mara sita. Mara ya saba tulikuwa na hasira ya kweli, ile ya kugongana na polisi wa barabara. Hapo mmoja wetu akasema: munganga huyu ana njaa tu, apewe damu kidogo ya mtu mbaya.

Na mtu mbaya alikuwepo. Bandarini anakaa Seymour Fishburn pamoja na mama yake mzee, Stella. Seymour ni muuaji. Si kwa fununu. Anaua watu usiku, na mama yake anajua, anamficha. Tulijua yote hayo kwa sababu mtoto alikuwa amewasemesha mpaka siri zao zote zimefunguka. Bei ya damu yake ilikuwa nzuri sana.

Tulimhukumu. Tulifanya kama baraza la kweli: makosa yake, waliokufa, watakaokufa akiachwa. Mmoja alisema, "Lakini ana mama." Tukajibu kwamba waliokufa nao walikuwa na mama. Hoja ilikuwa safi. Basi tukamtia usingizi, tukamshika mkono, maana ndivyo mchezo unavyotaka, umshike mtu mkono na kumwongoza polepole hadi mahali pa giza. Anakufuata kama mtoto anayepelekwa kuoga. Nani alibonyeza? Tulikuwa watatu na maneti moja. Sisi.

Unapomnywa mtu unasikia wazo lake la mwisho. Halafu namba zikapanda, nyingi, na tukapiga kelele za furaha. Hilo pia tuandike. Tulipiga makofi, mama wa sambaza akatoa kigelegele, na jirani akauliza kwa ukuta nani amejifungua.

Munganga alilala, akaamka na nguvu zake mpya. Mtaa wa bandari ulikuwa umeshuka afya kuliko tulivyouacha. Tukapita pale kwa Fishburn. Yule mama mzee alikuwepo. Mwanaye hayupo. Tungeweza kumsemesha, ni kitufe kimoja tu. Hakuna aliyekibonyeza. Tulisimama na yule munganga wetu mbele yake muda mrefu, na nyuma yetu sombe ikaungua kwenye mbabula.

Ndipo tukaanza kutafuta namna ya kurudi nyuma. Tuliingia kila ukurasa. Mchezo huu haukubali: unajihifadhi wenyewe kila wakati, na ulichofanya kimefanyika. Tukakubaliana tutamwambia mtoto akirudi. Akarudi, akala, na sisi hatukumwambia. Mwalimu akaenda kazini. Wengine wakaenda zao.

Jioni aliwasha. Sisi tulikuwa tumerudi, tumekaa kwenye mkeka kama wanafunzi waliovunja kioo. Alifungua ukurasa wa wakaaji, akaona picha moja imebadilika.

"Nani?"

"Sisi."

"Alikuwa anaua watu," tukaongeza haraka. "Alikuwa muuaji."

"Nilijua," akasema. "Mimi ndiye niliyegundua. Nilijua tangu zamani."

Aliweka maneti chini, taratibu, akatoka nje. Tulimfuata baada ya muda. Alikuwa amechuchumaa karibu na mbabula, anavunja makala yaliyokwisha kuvunjika. Mama mshonaji alianza kuomba msamaha, akamwambia kwamba ni mchezo tu, na hapo hapo akaona amekosea tena. Mtoto alisema, "Nilitaka kuona kama munganga anaweza kufika mwisho bila mtu wake hata mmoja kufa." Halafu, bila sisi kumwuliza, akasema mengine.

Alisema siku ya maziko alisimamishwa mbali, nyuma ya kamba. Watu walikuwa wamevaa nguo nyeupe mwili mzima, hata macho huyaoni vizuri. Aliona mfuko. Uso wa mama hakuuona, na hakuna mtu aliyempa udongo wa kutupa. Mara ya kwanza alipowasha mchezo huu na kumwona munganga anaamka katika shimo la maiti, alitetemeka usiku mzima. "Nilifikiri, na mama je? Kama hakuwa amekufa? Kama aliamka humo?" Miaka mitano, wamama. Miaka mitano mtoto analala na swali hilo chumba cha pili, na sisi tunamsifu kwamba ni mtulivu.

Mwalimu alikuwa na jibu. Hilo ndilo linalomwuma hadi leo. Muuguzi mwenzake dada yake alimpigia simu wiki ile ile, akamweleza yote: kwamba alikuwa kando yake ndani ya nguo zile, kwamba alimshika mkono kwa glavu mbili, kwamba mgonjwa aliwataja watoto, akamtaja huyu kwa jina lake la nyumbani, akafa alfajiri na akathibitishwa amekufa kabla hajafunikwa. Mwalimu alilia, akahifadhi maneno hayo, akangoja mtoto aulize. Mtoto naye alikuwa akingoja aambiwe. Usiku ule alimwambia, neno kwa neno, pale kwenye makala. Alitaja na lile jina la nyumbani. Mtoto aliomba arudie sehemu ya glavu. Akarudia. Sisi wawili tulitaka kuondoka ili tuwaache, lakini alisema, "Mubaki."

Siku ya muso iliyofuata mama wa sambaza alisimama kabla ya akiba kuhesabiwa. Alisema kwamba neno alilolitoa mwezi uliopita analirudisha kinywani mwake mbele ya wote, na kwamba kama kuna aliyelipeleka nje, amfuate huko huko alikolipeleka. Wawili walikuwa wamelipeleka. Walikwenda. Mmoja alirudi na majibu mabaya, kwa sababu neno la namna hiyo halirudi lote. Iko nyumba moja kwenye avenyu yetu ambayo hadi sasa haimruhusu mtoto wao kuazima daftari kwake.

Wengine mlituuliza kama basi mchezo ni mzuri na watoto waachiwe. Hatujasema hivyo. Ni wa watu wazima na kasha linaonyesha. Una damu nyingi, una matusi, na mapigano yake yanachosha; nusu yake tungeikata kwa mkasi. Mtoto mdogo asikae chumba hicho, na sasa pazia linashushwa. Saa tatu usiku mashine inazimwa, siku za mtihani haiwashwi. Mwalimu angekuwa amesoma kasha siku ya kwanza, angeificha chini ya kitanda, na asingejua kitu hadi leo. Hilo tumelijadili mara nyingi na hatujapata jibu moja. Mama mshonaji anasema ingefichwa. Mama wa sambaza anasema hapana.

Tulidhani mtoto ataanza mchezo upya, London nyingine, bila kosa letu ndani yake. Tulimwambia hata tutanyamaza, hatutagusa. Alifikiri siku mbili. Ijumaa alituita. Umeme ulikuwa unakuja na kuondoka. Aliendelea na ile ile, akampitisha munganga kwenye ukungu, kando ya maji, akaua njiani viumbe viwili vilivyomrukia, akafika bandarini. Akamtafuta yule mama mzee. Alipompata, alisimama, akatutazama mmoja mmoja.

"Mama mdogo, soma," akasema, na akabonyeza kile kitufe cha kuongea.

Mwalimu alisogea karibu na televizyo ili aone maandishi vizuri.